Swichi ya Ngazi za Jikoni

Mwanangu aliniambia kwa simu niiondoe balbu ya kwenye ngazi za jikoni pamoja na swichi yake, nami nikamjibu, "Sawa, naitoa leo hii." Sikufikiri, wala sikumuuliza mwenye ngazi zake. Nimekubali mambo mengi maishani ambayo ningeweza kuyakataa, na mengi kati ya hayo yamenitoka akilini. Hili nalikumbuka hadi bisibisi niliyokuwa nimeishika, ile yenye mpini wa njano ulioyeyuka upande mmoja.

Mwenye ngazi ni mke wangu. Yeye ni Mnyasa, mzaliwa wa ufukweni, katika kijiji kilichoko kati ya Mbamba Bay na Lundo, ambako mtoto hujua kuogelea kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mimi ni Mmatengo wa milimani, upande wa Mbinga. Nilipomposa alikuwa na sharti moja tu, na alilitoa mbele ya baba yake bila kuinamisha macho: "Nitakwenda naye huko kwao kwenye ukungu. Nitalima, nitachuma kahawa, nitazaa. Lakini nikizeeka anirudishe ziwani. Nataka nizeekee hapa."

Baba yake akanitazama. Nikasema nimekubali.

Miaka yote niliyokuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa alivaa sweta juu ya sweta na kunikumbusha. Nikirudi jioni nikamkuta ameinamia jiko la mkaa, atasema, "Baba Watoto, maji ya ziwa yananiuliza utanirudisha lini." Mimi humjibu, "Yaambie yasubiri pensheni." Akicheka, mvuke ulitoka mdomoni mwake kama wa sufuria. Nilipostaafu, mwanetu wa kiume, anayefanya kazi ya kufunga vifaa vya umeme kwenye majumba ya watu Dar es Salaam, akatujengea nyumba kwenye kiwanja cha babu yake wa kwa mama. Tukashuka na hiace, mizigo juu ya keria, na kila kona ya barabara aliyoipita mke wangu alivua nguo moja. Tulipofika Mbamba Bay alikuwa amebaki na gauni na kitenge, na miaka kadhaa imempungua usoni.

Nyumba ile iko kwenye mteremko. Sebule na vyumba viko juu, jiko liko chini upande wa ziwa, na katikati kuna ngazi za saruji ambazo fundi alizifanya za kimo tofauti tofauti, sijui kwa haraka au kwa kukosa pima maji. Yeye mwenyewe mke wangu ndiye aliyetaka jiko liwe chini, ili apike akiiona mitumbwi ikiingia na usipa, dagaa wa ziwa letu. "Nikiona nani kapata, najua kwa kwenda na beseni," alisema.

Macho yake wakati huo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, kwamba lingefanyiwa upasuaji likikomaa. Mchana aliona vizuri kiasi cha kumtambua mtu kwa mwendo wake. Giza likiingia, alitumia mkono. Pale juu ya ngazi ilikuwapo swichi ya kawaida, nyeupe, na juu yake balbu kali isiyo na urembo wowote. Kiganja chake kilikwenda pale bila yeye kufikiri, kikapiga, kikateremka ukutani hadi chini. Baada ya muda ukuta ukaweka alama: kuzunguka swichi duara la weusi wa mafuta ya samaki na unga, na kutoka hapo mstari mrefu kama njia ya mbuzi, ukishuka pamoja na ngazi. Nilikuwa naupaka rangi kila Pasaka. Mwezi hauishi, umerudi.

Basi ikawa mwaka mmoja mwanangu akatutumia boksi. Ndani mlikuwa na taa za mkanda, zile ndefu nyembamba zinazozungushwa kwenye kigurudumu kama utepe wa fundi cherehani, zenye vidoa vya taa vimepangana na gundi mgongoni. Mlikuwa pia na adapta ya kushusha umeme uwe wa volti kumi na mbili, na kiboksi kidogo cheupe cha kuziongoza taa kwa simu kupitia intaneti. Alitaka nyumba ya mama yake iwe nyumba janja, kama zile anazofungia matajiri.

"Janja kwa vipi?" mke wangu akauliza kwenye simu.

"Mama, utaiwasha ukiwa hata umelala. Nami nitaiwasha nikiwa huku Dar."

"Kama ni janja kweli, itanisongea ugali?"

"Hapana, mama."

"Basi haijanifikia mimi."

Mwanangu alitaka kumtuma fundi kutoka Songea. Nikakataa. Nilisoma sekondari, na somo la fizikia lilikuwa ndilo nililolipenda. Nimetengeneza redio za kijiji kizima huko Mbinga kwa chuma cha kulehemu kinachochomwa kwenye mkaa. Nikamwambia, "Wewe nielekeze tu. Kazi nitaifanya mwenyewe." Nilifurahi, sitaficha. Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu mtu alikuwa amenipa kazi yenye waya.

Akanielekeza kwa video, jioni baada ya jioni. Mkanda haukatwi popote. Unakatwa pale tu palipochorwa alama ya mkasi, kati ya vidoa vya shaba. Chanya iende kwa chanya, hasi kwa hasi, na waya za rangi zisipishane. Kabla ya kubandika, ufute ukuta kwa kitambaa kikavu, maana gundi haishiki vumbi. Nilikaa sakafuni sebuleni na miwani yangu, mkanda umenizunguka miguuni, na mke wangu akawa anapita juu yangu na masufuria.

"Mmatengo, hicho chuma chako kimekaa jikoni kwangu tangu asubuhi. Tutakula lehemu leo?"

"Dakika moja tu, mama."

"Dakika za watu wa milimani zina urefu wa barabara yao."

Lakini alinishikia tochi. Alinishikia pia ncha za waya nilipokuwa nalehemu, na nilipoungua kidole alikitia kinywani mwake kabla sijapata kulalamika. Naziona jioni zile zilikuwa kati ya nzuri tulizopata.

Kosa langu nililifanya hapo, mikono yake ikiwa imenisaidia. Mwanangu alikuwa ameniambia wazi: "Baba, nyumba ni ndefu. Usiunganishe mikanda yote kwa mstari mmoja. Kila mkanda uutolee waya wake kutoka kwenye adapta, la sivyo ule wa mwisho utakosa nguvu." Nilimsikia. Ila nilijiambia kijana anaongea habari za majumba ya Dar. Mimi nilikulia kwenye mfereji. Baba yangu alivuta maji kutoka kijitoni, yakapita kwenye kitalu chetu cha kahawa, yakapita kwa jirani, yakafika mtoni, mfereji mmoja tu, na kila mche ulikunywa. Nikaona umeme nao utatembea vivyo hivyo: nikaanzia sebuleni kwenye adapta, nikauvuta mkanda ukutani, nikauunganisha na wa ukumbini, na wa ukumbini na wa ngazini. Jikoni ukawa mwisho wa mfereji.

Nilisahau kwamba hata kwenye mfereji wa baba jirani wa chini alikuwa akija kulalamika wakati wa kiangazi. Na nilisahau ngoro, mimi Mmatengo niliyelima ngoro tangu utotoni, shamba la vishimo mlimani ambako kila kishimo hushika maji yake chenyewe na hakimsubiri mwenzake wa juu. Mwanangu alikuwa ananiambia nilime ngoro. Mimi nikachimba mfereji.

Siku ya kuwasha, majirani walikuja. Wanawake wanaoanika usipa walisimama mlangoni na mabeseni yao. Mwanangu akiwa Dar akabonyeza, na sebule yote ikajaa mwanga mweupe ulioanzia juu ya ukuta kama alfajiri. Watu wakapiga makofi. Mvuvi mmoja, shemeji yangu wa mbali, akapiga kelele kutoka uani: "Shemeji! Usituharibie kazi! Sisi tunawasha taa huko majini tuvute usipa, wewe ukiwasha hizi watapanda wote kwako sebuleni!"

"Waje," mke wangu akamjibu. "Nitawapokea na kikaango."

Akashuka ngazi kwenda kuwaletea watu chai. Akiwa chini akaniita. "Baba Watoto! Huku kwangu mbona jua linazama?"

Nikashuka kutazama. Mwanga uliokuwa mweupe sebuleni ulikuwa umegeuka mwekundu hafifu kwenye ngazi, kama mkaa unaokwisha. Mara moja nilijua sababu. Nikasema, "Waya ni mfupi. Nitanunua mwingine nikipanda Mbinga." Balbu yake ya zamani ilikuwa bado ipo, akaipiga swichi, akaendelea na chai yake.

Nilipanda Mbinga mara kadhaa baada ya hapo, kwa mazishi, kwa pensheni, kwa kumwona binti yetu anayeishi huko. Nilirudi na sukari, na mahindi, na kahawa ya kukaanga. Waya sikurudi nao. Kila mara nilikumbuka hiace ikiwa imeshaanza kuteremka.

Ndipo mwanangu alipopiga ile simu. Simu yake ilimwonyesha taa zinawashwa lini, na balbu aliiona kila tulipoongea kwa video, na alikuwa anasikitika kidogo, kama mtu aliyenunua nguo ambayo haivaliwi. "Baba, mama hazitumii zile taa. Kila jioni anarudi kwenye balbu yake. Mwanga wa balbu ile unaua rangi zote."

"Amezoea."

"Ndiyo maana. Ukiiacha pale hatazoea mpya. Itoe, baba, na swichi uifunike. Wiki moja tu atakuwa ameshazoea, na hatahitaji kupapasa ukuta tena. Nataka apate urahisi."

Alisema kwa upendo, na kwa upendo huo huo nilikubali. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo yeye hakulijua nami nililijua: ngazini taa zangu zilikuwa zinakufa. Ningesema, "Hapana, mwanangu, mkanda wa ngazini niliuunganisha vibaya, balbu ikae hadi nirekebishe," na ingeisha. Ila ningelazimika kumwambia kijana wangu kwamba alinielekeza sawa na mimi nikajifanya najua. Nikaona ni afadhali kufungua skrubu. Nikaitoa swichi, nikazifunga waya kwa tepu, nikabandika kifuniko cheupe cha plastiki juu ya tundu.

Mke wangu alirudi kutoka ufukweni, akapeleka kiganja mahali pake, kikakutana na plastiki.

"Imekwenda wapi?"

"Mtoto anataka uzoee mpya."

Mkono ukabaki pale ukutani. "Mngeniuliza," alisema. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa: "Haya. Mjanja niwashie nyumba yako."

Tangu hapo alitegemea niwashe mimi. Simu aliyopewa aliishika kama yai la mtu mwingine. Akitaka kushuka jikoni jioni, ataita, "Mzee, taa," nami nabonyeza. Alizoea kuniita. Ila mkono haukuzoea: kila alipofika juu ya ngazi kiganja kilipiga kile kifuniko kwanza, na duara la weusi likaanza upya kukizunguka. Nililiona. Niliupaka rangi ukuta.

Siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu mwanangu alipiga kwa video kabla ya chakula cha jioni. Giza lilikuwa limeshaingia ziwani na taa za wavuvi zilikuwa zimeanza kuonekana mbali. "Shikamoo baba, shikamoo mama. Leo nina zawadi. Kaeni sebuleni, msisimame."

"Marahaba. Tumekaa," nikasema.

Nyumba ikageuka bluu. Bluu kama ya maji ya ziwa saa za mchana, pale kina kinapoanzia. Ilipanda ukutani, ikatembea polepole, ikazidi na kupungua kama mawimbi. Mke wangu alishika shavu.

"Jamani, mwanangu. Umeniletea ziwa ndani."

"Ni rangi yako, mama. Kila mwaka siku hii nitaiwasha."

Alisimama akacheza kidogo, mabega tu, kama wanavyocheza wanawake wa kwao. Mimi nikacheka. Mwanangu akacheka huko Dar. Akasema, "Ngoja niwaletee samaki, magege yanaungua," akaenda kuelekea ngazi. Mimi niliendelea kutazama kazi ya mikono yangu ukutani, nikimwambia mwanangu nilivyoibandika mikanda vizuri.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kwenye taa zile nguvu ikipungua, bluu ndiyo huchoka kwanza. Nyekundu hubaki mwisho. Mwanga mweupe ulikuwa unafika ngazini ukiwa mwekundu hafifu. Ile bluu haikufika kabisa. Sebule ilikuwa ziwa, na ngazi zilikuwa giza. Nilisikia kiganja chake kikigonga plastiki, mlio mdogo niliouzoea. Halafu nikasikia kishindo, na sufuria.

"Baba?" mwanangu alikuwa anaita kwenye simu. "Baba, ni nini hicho? Mama yuko wapi?"

Nilimkuta chini amelalia ubavu, mguu umegeuka isivyo kawaida. Hakupiga kelele. Alisema, "Usiniguse kwanza. Zima moto, samaki wanaungua." Nikazima moto. Shemeji mvuvi na vijana wa jirani walimbeba kwenye mlango wa ubao hadi kwenye gari, na tukapanda zile kona kwenda Mbinga, kichwa chake mapajani kwangu. Kila kona alinibana mkono. Tulipofika juu kwenye baridi alitetemeka, akasema, "Unanirudisha kwenu, Mmatengo. Hata sweta hujanichukulia."

Ilikuwa nyonga. Ilitengenezwa kadiri ilivyowezekana. Daktari, kijana mpole aliyemwita bibi, alisema atatembea kwa gongo la miguu minne, mahali tambarare, na karibu na hospitali. Mteremko hapana. Ngazi hapana. Alirudia mara mbili, kwa sababu mke wangu alimwuliza mara mbili.

Mwanangu alikuja akalia kwenye korido. Alisema ni yeye, ni ile bluu yake. Nilimshika bega nikamwambia jambo ambalo nilipaswa kumwambia kwenye simu siku ile: kwamba mikanda niliiunga kwa mstari mmoja, kwamba nilijua ngazini ni giza tangu siku ya kwanza, na kwamba niliitoa balbu nikijua. Alifuta machozi. Kisha akasema, "Ungeniambia tu, baba. Ni waya tu." Na kwa kuwa ni mtoto mwema, alikwenda kumnunulia mama yake chai.

Mke wangu naye nilimwambia. Nilimwambia akiwa kitandani, na nilitegemea ukali. Akasema, "Nilijua. Ulipoanza kuupaka ukuta rangi kabla ya Pasaka nilijua una jambo."

Sasa tunaishi Mbinga kwa binti yetu, kwenye nyumba tambarare yenye kibaraza kinachotazama migomba na kahawa. Nyumba ya ziwani anaitunza shemeji. Nilishuka mara moja kuirudisha balbu na swichi, nikalehemu waya mpya kwa kila mkanda, kama nilivyoelekezwa. Zinawaka vizuri hadi jikoni. Anayepika pale ni mke wa shemeji.

Hapa chumbani kwetu binti ameweka swichi ya kawaida kando ya kitanda. Jioni mke wangu huipiga kwa kiganja, halafu hunigeukia. "Umesikia? Hii inaitika." Amevaa sweta mbili na soksi zangu. Jicho lake moja limeshafanyiwa upasuaji, anaona vizuri kuliko mimi, lakini kutoka hapa ziwa halionekani. Ninamletea usipa wa kukaanga kila hiace inapopanda, anawanusa kwanza kabla ya kula. Hajawahi kunisema. Huniuliza tu mara moja moja, kama zamani nilipokuwa karani, maji yamesemaje, na siku hizi sina tena pensheni ya kuyaambia yaisubiri.

Alinipa ujana wake wote huku kwenye baridi kwa ahadi moja niliyoitoa mbele ya baba yake. Kwa kukubali kutoa swichi, na kwa kuona haya kusema nimekosea, nimemnyima kuzeekea ziwani. Hatarudi tena kule kuishi.